Tupeane uzoefu: bastola ndogo ya kubeba kila siku, bei ya kawaida na isiyokwama (Mbeya, Iringa, Njombe)

Mnunuzi wa Isyonje

Wakuu, poleni na baridi. Nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Kazi yangu ni viazi. Nanunua Isyonje na Tembela, napakia fuso kwenda Dar. Mkulima wa huku ukimwambia utamtumia kwenye simu anakuangalia kama tapeli, anataka noti mkononi gunia likishashonwa. Kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri niko barabarani na hela. Mwaka juzi tukakuta gogo limelala katikati ya njia, dereva akafunga breki, na waliotoka kwenye mahindi hawakuwa wamekuja kutusaidia kulisogeza. Hela ya mzigo mzima ikaenda. Uhai tulibaki nao.

Nikaamua kuomba silaha. Nimepitia yote: mwenyekiti wa mtaa, kata, kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, alama za vidole, mafunzo. Mwenye kuuliza kwa nini nilisumbuka, jibu ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, basi. Anayetafuta njia ya pembeni apite, uzi huu si wake.

Kibali kimetoka, sasa nimekwama dukani. Jamaa aliniwekea tatu juu ya kaunta: Glock 19, Taurus G2C na Canik ya Kituruki. Glock inabeba risasi 15 na haina kitufe cha sefti (cha kuizuia isipige) cha kidole gumba. Taurus inabeba 12, sefti ya gumba inayo, ni fupi, na ndiyo ya bei ndogo kuliko zote. Nilipoishika kidole changu cha mwisho kikawa kinaning'inia hewani. Zote zinakula risasi za 9x19 (unene wa risasi na urefu wa ganda, kwa milimita).

Video za Wamarekani nimeangalia mpaka bando limeisha. Kwao Taurus hiyo inauzwa chini ya dola 300 na Glock zaidi ya 500, mtu anabeba boksi tano za risasi Jumamosi anaenda kuzimaliza kwenye shabaha. Sisi risasi zinahesabiwa. Nataka kusikia kwa aliyebeba kiunoni mwake, kwenye mvua ya Tukuyu na vumbi la Chunya.

Mnyalukolo wa Mbao

Kamwene mkuu. Niko Mafinga, mbao.

Yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu ya bei. Jina la kampuni siitaji. Nikaipakia, nikaiweka kiunoni, nikatembea nayo miezi minane bila kufyatua hata moja, nikijiona nimekamilika. Siku nilipopata nafasi ya kwenda shabaha, risasi ya tatu ganda likasimama wima kwenye dirisha la kutokea, kama bomba la jiko la kuni. Nikalitoa. Ya tano, tena. Jasho lilinitoka, na ilikuwa Julai, Mafinga!

Mwalimu akaichukua, akapiga sita mfululizo bila tatizo. Akanirudishia akacheka: "Nusu ya ugonjwa ni mkono wako." Kumbe bastola ndogo nyepesi ukiishika kwa mkono mlegevu, slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma ukipiga) inakosa mahali pa kuegemea, hairudi nyuma kisawasawa, ganda linabanwa. Nusu ya pili ilikuwa magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye kitako. Midomo yake ilikuwa imepanuka upande mmoja, risasi inapanda imeinamisha kichwa. Nilipoweka magazini nyingine, ikatulia.

Kwa hiyo usiulize bei ya bastola peke yake. Uliza bei ya magazini ya pili, na kama ipo hapo hapo dukani. Mimi yangu niliisubiri miezi minne.

Chuma cha Sae

Chukua Glock ulale.

Mzee wa Tukuyu

Nawasalimu vijana.

Baba yangu alikuwa na Walther PPK ya 7.65, magazini ya risasi 7, aliipata enzi zake za kahawa. Alipofariki tuliipeleka kituoni na karatasi zake, maana silaha hairithiwi kama ng'ombe. Anayeitaka anaomba upya kwa jina lake. Nikaomba, nikapata. Bastola nzuri mno, inakaa mfuko wa koti hata mke hajui. Shida ikaja kwenye risasi. Za 7.65 nilizunguka Mbeya, nikaagiza Dar, nikasubiri. Mwaka mzima nilikuwa na risasi kumi na moja, nazitazama kama mboni ya jicho. Unajifunzaje kulenga na risasi kumi na moja?

Rafiki yangu wa Kyela alifanya vibaya zaidi. Aliuziwa Makarov kihalali kabisa, akaenda dukani akasema "nipe za tisa". Akapewa za 9x19. Makarov inakula 9x18, fupi, na kichwa chake ni kinene kidogo. Zote mbili zinaitwa tisa, ila haziingiliani. Bahati alizijaribu nyumbani kwa utulivu, si siku ya shida.

Kijana wa viazi, umesema zote tatu ni 9x19. Hapo umeshavuka mto mkubwa, kilichobaki ni kijito.

Sasa mvua. Huku kwetu mvua haiulizi mwezi. Bastola iliyolala kwenye ala ya ngozi iliyolowa inaanza kutu usiku huo huo, kwanza kwenye skrubu na vile vidoto vya kulengea. Ngozi inanyonya maji kama sponji, inayahifadhi kwa ajili ya chuma chako. Mimi jioni naitoa kwenye ala, naifuta, naacha ala ikauke mbali na jiko. Mafuta ni tone tu. Kuna mtu aliichovya kama anakaanga maandazi, mafuta yakaingia mpaka kwenye fataki ya risasi (si yule fataki wa matangazo ya redio, ni ile inayogongwa nyuma). Risasi ikagoma. Ukigusa kifyatulio unasikia "ta!", kimya.

Mama Jumla Makambako

Shikamoo mzee. Nimejifunza hapo kwenye ala, yangu ni ya ngozi.

Mimi nina duka la jumla, nafunga saa mbili usiku. Dukani waliniambia "mama, wewe chukua hii ndogo ya kike". Nikaichukua kwa kuwa inaingia kwenye pochi. Nyumbani kuivuta slaidi nyuma, siwezi. Nimekunja uso, nimeuma meno, mwanangu ananiangalia kama nafungua chupa ya jamu. Kumbe bastola ikiwa fupi, springi inawekwa ngumu zaidi. Na kupiga kwake inarusha mkono kuliko kubwa. Udogo ni wa kubebea, si wa kupigia, na hilo hakuna aliyeniambia.

Pochi nayo ni hadithi. Siku moja ibadani nimeiacha kwenye benchi, nimekwenda kutoa sadaka. Nageuka namwona mtoto wa jirani ameishika, anatafuta pipi. Zipu alikuwa bado hajafungua. Sadaka sijui kama nilitoa. Tangu siku hiyo pochi ni ya leso na funguo. Nilibadilisha kwa kufuata taratibu, nikachukua Glock 19, ambayo wote walisema ni kubwa kwangu, na slaidi naivuta kwa kuisukuma: mkono wa kushoto umekamata juu, wa kulia unasukuma mbele. Naibeba kwenye mkanda mpana wa kitambaa tumboni, juu blauzi pana, juu kitenge. Njombe na Makambako mtu kuvaa nguo tatu nani atashangaa?

Mchimbaji Makongolosi

Naandika hili kwa aibu.

Alfajiri, baridi, nimevaa lile koti lenye kamba chini kiunoni, zile kamba zenye kidude cha plastiki cha kukazia. Nimetoka kukagua mashimo, nikairudisha bastola kwenye ala bila kutazama. Kidude cha kamba kikaingia pamoja nayo, kikakaa mbele ya kifyatulio. Nilipoisukuma ishuke ikalia. Risasi ikapita kwenye suruali, ikachana pembeni ya buti, ikaingia ardhini. Mguu mzima, namshukuru Mungu. Masikio yalilia mpaka mchana, na wachimbaji wangu wawili walilala chini wakidhani tumevamiwa.

Nilikata kamba zote kwenye makoti yangu siku hiyo. Ala niliyokuwa nayo ilikuwa laini, mdomo wake umechoka na kujikunja ndani, nayo nikaitupa. Sasa natumia ya plastiki ngumu iliyofunika kifyatulio chote, na nikirudisha chuma naangalia kwa macho, taratibu. Kuchomoa ndiko kuna haraka. Kurudisha, unakimbilia wapi?

Halafu ndugu mwenye uzi, mkanda. Mkanda wa suruali wa mnadani haubebi karibu kilo nzima ya chuma na risasi. Utashinda unavuta suruali, na kila anayekutazama atajua una nini.

Chuma cha Sae

Kuna jamaa yangu aliichomeka kiunoni bila ala, tupo tunakula kuku choma. Kuinuka, ikateleza ndani ya mguu wa suruali ikatokea chini. Mhudumu akasema "kaka, mguu wako wa kuku umedondoka". Hajarudi pale mpaka leo.

Mwalimu Uyole

Nitawaudhi. Mnunuzi wa Isyonje, wale wa gogo walikuwa wangapi? Na wewe ulikuwa umekaa kiti cha katikati ndani ya fuso, mkanda umefunga, giza. Ungechomoa saa ngapi? Na wangejua una silaha, si wangeanza na wewe? Mimi ningebadilisha saa ya safari na kulipa nusu kwa simu kabla ya kununua kitu cha bei ya pikipiki.

Mnunuzi wa Isyonje

Mwalimu, hujaniudhi. Walikuwa wanne, na nilikuwa nimekaa katikati kweli, mkono wa kulia umebanwa na dereva. Siku ile hata ningekuwa na mzinga nisingefanya kitu. Nimeshaanza kulipa nusu kwa simu kwa wakulima sita wanaonifahamu, na alfajiri sitoki tena kabla hakujapambazuka. Silaha nimeiombea nyumbani na ghala, zaidi ya barabarani. Ila swali lako la kiti nililibeba mpaka dukani, sikia.

Jana nimerudi pale na koti langu la kazi (kamba nimekata, asante Makongolosi) na mkanda wa ngozi mpana. Nikamwomba muuzaji anihakikishie zote ni tupu, naye akazifungua moja moja mbele yangu, nami nikachungulia chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa. Nikaweka kila moja kiunoni kwenye ala, nikakaa kwenye kiti cha plastiki kama niko kwenye fuso, nikainama kama nafunga gunia. Glock upande wa kulia, nikiinama, kitako kinainua koti, mgongoni kinaonekana kama nundu. Taurus haionekani, lakini kile kidole changu bado kinaning'inia, na magazini ya akiba hakuwa nayo. Canik ikakaa vizuri mkononi, ikawa nzito.

Nimechukua Glock na magazini mbili. Nundu nimeitatua kwa kuisogeza mbele kidogo na kununua koti namba moja zaidi. Kwa wiki za mwanzo chemba itakuwa tupu, mpaka nizoee. Kilichoniuma ni kwamba ala, mkanda, kasiki ya kufungia ukutani na koti, ukijumlisha, vimekula ile tofauti yote niliyotaka kuiokoa kwenye Taurus na bado vinadai.

Mzee wa Tukuyu

Umefanya vyema. Na siku ya ulanzi?

Mnunuzi wa Isyonje

Siku ya ulanzi inalala kwenye kasiki, mzee, na ufunguo anakaa nao mama watoto. Ameshasema hata siku ya harusi ya mdogo wangu hanipi. Jumamosi naenda shabaha, nimeruhusiwa risasi hamsini. Nitarudi kuwaambia ngapi ziligoma.

Mnyalukolo wa Mbao

Shika kwa nguvu.