Nyimbo ya zamani yenye banarudiliaka mu biti ya dansi: tupeane uzoefu

Yaya wa Kamalondo
Bandugu mujambo benu bote, ba Lubumbashi na benye biko Likasi, Kolwezi, mupaka Kipushi. Leo naomba tupeane uzoefu juu ya kitu kimoja kinanikaa ku roho sana: ile nyimbo ya pop ya zamani yenye bazazi betu balikuwa banacheza slo, kiisha mutu anakuja anairudilia na biti ya dansi na inaamusha fete muzima.

Naanza miye. Ya kwangu ni Heaven. Bryan Adams aliiweka mu albamu ya 1984, na mu 1985 ikafika namba moja kule Marekani, slo kabisa, na hapa kwetu mupaka leo mu ndoa ikianza tu kila mutu anajua ni saa ya bibi na bwana harusi. Sasa mu 2001 DJ Sammy, mutu wa Uispania, pamoja na Yanou wa Ujerumani, bakamupa dada moja jina lake Do aiimbe upya, bakatia biti ya haraka chini yake, na mu 2002 ikakuwa namba moja Uingereza.

Kwa ndoa ya mutoto wa shangazi yangu kule komini Kenya ya Lubumbashi DJ alipiga kwanza ile ya Bryan Adams, baharusi bakazunguka polepole, batu banapiga mafoto, na ilipofika ku mwisho hakukata, akaingiza ile ya DJ Sammy palepale juu yake. Bamama benye balikuwa banakaa na mikoba ku magoti habakuuliza hii ni wimbo gani, juu maneno balikuwa banaijua tangu busichana bwabo, balisimama banaimba, na batoto babo benye banajuaka tu ile ya biti nabo banaimba, mama na binti yake maneno mamoja, pisti moja ya kucheza. Wimbo mupya hauwezi kufanya vile, hata ukuwe muzuri namna gani, juu haujakaa bado mu batu.

Lakini nasema na kitu kimoja na ninakishikilia: ile inatokea tu kama mwenye kurudilia anaacha melodi pa fasi yake. Badilisha biti, ongeza bas, weka piano, fanya yote, lakini melodi usiiguse. Kuko remiksi ingine yenye inachukua neno moja ya mwimbaji inaikata vipande vipande inairudilia mupaka mwisho, pale muzee anakaa chini na mutoto anabaki peke yake. Sasa muniambie benu: wimbo gani, mulikuwa wapi, na bazee balikubali ao balikataa?

Fundi Bafle
Yaya asante kwa hii mada, miye napigaka miziki mu mafete ya Katuba na Ruashi, na naomba nieleze juu ya kazi yenyewe kwa sababu batu banafikiriaka ni kubonyeza tu.

Slo mingi za zamani ziko na mapigo kama 60 ao 70 kwa dakika, na house, ile dansi ya mashine, inatembeaka pa 120 mupaka 130. Sasa angalia hesabu, wimbo wa 64 unaulalisha juu ya biti ya 128 na sauti haisogei hata kidogo, mwimbaji anaendelea polepole vile alikuwa, ni chini tu kunakimbia mara mbili. Ni kama bamama babili banatwanga sombe mu kinu moja, moja anapiga mara moja na mwenzake mara mbili, na mikupo haigongani. Njo maana slo ya mapenzi inakubali biti kuliko wimbo wa katikati. Wimbo wa 95 ni shida, ukiupandisha mupaka 122 ordinateri inaweza kuacha sauti pa noti zake, lakini pumzi ya mwimbaji utaisikia inakimbia, maneno banayameza, na hapo ni afazali kutafuta mutu mwenye sauti aimbe upya.

Kingine chenye bengi habajui: rekodi za zamani banamuziki balikuwa banapiga bila metronomi, ile mashine ya kuhesabu mapigo, banasikilizana tu, kwa hiyo mapigo inapanda kidogo mu korasi kiisha inashuka mu beti. Sikio halisikii, lakini ukiweka biti ya mashine chini yake, kisha nusu dakika biko mbalimbali. Lazima ukae unasukuma kipande kwa kipande, wimbo muzima, na mu usiku wa delestaji, umeme unakatika, hiyo kazi ni ya jasho. Lakini naipenda kabisa, juu ukimaliza na ukasikia sauti ya 1970 na kitu inatembea juu ya kik, ile ngoma nzito ya chini, bila kuachana, hapana furaha ingine kama ile.

Wimbo wangu ni Total Eclipse of the Heart. Jim Steinman aliutunga, Bonnie Tyler akauimba mu 1983, namba moja Uingereza na Marekani, kiisha Nicki French akaurudilia mu dansi na mu 1995 ukafika namba mbili Marekani. Nikiupiga saa ya usiku mukubwa, hata benye balishakamata funguo ya gari banarudia.

Mama Mapacha
Bana bangu nimesoma yote na nimefurahi, lakini miye niko na neno. Haiko kila wimbo.

Yaya yangu mwenye alitutangulia alikuwa anapenda Whitney Houston kupita kiasi, na ile I Will Always Love You njo ilikuwa yake, anafagia anaimba, anapika anaimba. Siku ya kutoa kilio DJ aliipiga, tukalia, tukapumua, ilikuwa bizuri. Kiisha akaleta ile ya dansi yenye Sarah Washington alifanya mu 1993. Nilisimama nikamuambia kwa heshima, mwanangu, hii toa. Ile wimbo ni ya kuagana! Dolly Parton aliitunga wakati alikuwa anaachana mu kazi na Porter Wagoner, mwenye balikuwa banaimba naye, akaitoa mu 1974, na Whitney mu 1992 aliianza sauti peke yake, hakuna chombo hata kimoja, ule ukimya wa mwanzo njo wimbo wenyewe. Ukitia ngoma pale, umeshajaza fasi yenye mwimbaji aliacha wazi kusudi. Unaona Yaya, hapo melodi hawakuigusa lakini wimbo ulishatoka.

Lakini mutoto wangu akanipigia Higher Love, ile DJ Kygo alitoa mu 2019, na ile nilicheza. Whitney aliirekodi zamani, ilitokeaka mu 1990 mu kopi ya Japani tu ya albamu yake, na mwenye wimbo ni Steve Winwood wa 1986. Ule ni wimbo wa shangwe tangu kuzaliwa kwake. Whitney alikuwa ameshakufa tangu 2012, na tazama sauti yake inarudi mu pisti. Nilicheza kwa ajili ya yaya yangu na nilisikia vizuri.

Kasapa
Mama Mapacha nakuheshimu sana, na ninakubali ile ya Whitney, lakini nikuletee Sunny. Bobby Hebb wa Nashville aliiandika mwisho wa 1963, wakati ndugu yake aliuawa na wakati uleule bakamuua rais Kennedy, kwa hiyo ilitoka mu kilio kabisa. Aliitoa mu 1966. Kisha mu 1976 Frank Farian akaipiga na kundi yake Boney M kule Ujerumani, disko tupu, na Lubumbashi muzima papa na mama zetu balicheza. Kumbe wimbo wa msiba ulikubali dansi.

Na kwa sisi batu ba Kiswahili kuko ingine ya karibu zaidi: haohao Boney M mu 1981 balirudilia Malaika! Yenye Fadhili William alirekodi Nairobi na Miriam Makeba akaizungusha dunia. Papa yangu alikuwa na ile sahani ya muziki, na ananiambiaka siku ya kwanza aliisikia alisimama katikati ya nyumba, kusikia Kiswahili juu ya biti ya Ulaya, alisema basi na sisi tuko mule.

Nimuongezee Fundi kitu. Mutu akiuliza kwa nini reprizi za dansi ziko na baimbaji benye majina hatujui, jibu ni haki. Wimbo uko na haki mbili, moja ya mutungaji na ingine ya ile rekodi yenyewe. Ukichukua sauti ya Bryan Adams unahitaji ruhusa ya zote mbili, na ya rekodi njo inakuwaka nguvu kupata na bei kali. Ukimpa Do aimbe upya unabaki na ya mutungaji tu. Njo maana kava, wimbo wa kuimbwa upya, iko mingi.

Mama Mapacha
Kasapa mwanangu, Sunny inasema asante. Mutu analia lakini anamushukuru mwenye alimuangazia siku. Asante unaweza kuicheza. Kuagana, apana.

Musafiri wa Kasumbalesa
Miye niko kijana wa barabara, nafanyaka kazi ya makaratasi ya malori kule Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia. Uzoefu wangu umetokea upande wa pili, na Yaya hukuuliza lakini nasema tu. Fast Car niliijua ya Jonas Blue kwanza, ile Dakota anaimba, juu 2016 ilikuwa inapigwa ku kila simu ku foleni, madereva ba Zambia, ba Tanzania, betu, malori ya shaba imesimama hakuna mwenye anatembea, na wimbo unasema juu ya gari ya mbio. Tulikuwa tunacheza pembeni ya lori bila kusikiliza maneno.

Kiisha dereva moja muzee wa Tanzania akasema ngoja nikusikilizishe mama yake. Akapiga ya Tracy Chapman ya 1988, gitaa na sauti njo biko mbele. Nikasikia kumbe ni hadisi ya binti mwenye aliacha masomo juu ya kuchunga baba mulevi, anatafuta namna ya kutoka mu umaskini, anafanya kazi ku duka, na mwisho yule mwanaume naye anakuwa mulevi vilevile. Nilinyamaza. Tangu pale nikipata remiksi yoyote natafutaka ya kwanza. Kwangu remiksi imenifungulia mulango, bila ile biti nani angenipa Tracy Chapman? Kwa hiyo bazee musikasirike na sisi, tunafika, tunapita tu njia ingine.

Dada wa Bel-Air
Munasahau Yéké Yéké! Mory Kanté wa Guinea, 1987, kora, kile chombo cha nyuzi cha Afrika ya Mangaribi, mu pisti ya Ulaya, single yenye iliuza kupita milioni. Na mu 1994 Hardfloor ba Ujerumani bakaitia tekno. Ile naipigaka asubui nikifua, yote mbili, moja kiisha ingine.

Yaya wa Kamalondo
Mama Mapacha umenifundisha kitu hapa, melodi haitoshi, hata ukimya ni sehemu ya wimbo, naiandika. Na Musafiri asante sana.

Sasa niulize Fundi na bote: tunazungumuza Bryan Adams, tunazungumuza Whitney, na ya kwetu je? Masanga ya Jean-Bosco Mwenda, yenye Hugh Tracey, muzungu mwenye alikuwa anazunguka kurekodi miziki ya Afrika, alirekodi kule Jadotville, njo Likasi ya leo, mu 1952. Ni ya hapa hapa, ni gitaa yenye dunia inajifunza. Kwa nini tusiisikie mu fete ya vijana?

Fundi Bafle
Yaya, nimeijaribu. Nakuambia shida iko wapi. Bosco anapiga na vidole bibili, kidole gumba kinashika bas na kile cha pili kinaimba juu, kwa hiyo gitaa yake iko tayari na biti ndani. Ukiweka kik nzito ya house inagongana na gumba lake na bas yote inakuwa matope. Njia yenye ninaona ni kutoa kik kabisa mu beti, kuacha kisansi na makofi tu, kuacha gumba la Bosco likuwe njo bas ya wimbo, na kik iingie kidogo pale gitaa inapumzika. Na mapigo nayafuata yeye, simulazimishi yeye kufuata mashine.

Kopi yenye niko nayo iko na kelele mingi ya sahani, na ukipandisha sauti mu bafle kubwa kelele njo inakuja mbele. Mwenye iko na kopi safi aniandikie hapa, jumamosi nikuwe nayo, nitaipiga Ruashi palepale na nitaleta habari vile bazee balisema.