Monstera albo inaungua sehemu nyeupe, jani jipya limetoka jeupe tupu. Msaada wakuu

Mkazi_wa_Mbezi
Habari za humu wakuu. Nina monstera albo, ile ya majani makubwa yenye mabaka meupe, ipo sebuleni karibu na dirisha la mashariki. Kijani hakina neno. Nyeupe ndiyo inageuka kahawia kuanzia kwenye ncha na kuingia ndani. Juzi jani jipya limefunguka jeupe lote. Muuzaji kaniambia niongeze maji na nitie yuria. Maji yangu ni ya kisima, na AC inawaka kila jioni kwa joto hili la Januari. Nimeununua mmea huu kwa bei ya mbuzi, sitaki ufe.

Bibi_Maua_Tanga
Mwanangu, yuria weka pembeni kabisa. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa chungu. Kuna ukoko mweupe unaobanduka? Kama upo, hiyo ni chumvi. Visima vingi huku pwani vina chumvi. Maji yanakauka, yenyewe inabaki kwenye udongo, na kila ukimwagilia unaiongeza. Ncha za majani ndizo zinazoungua mwanzo, na weupe haustahimili kama kijani.

Peleka chungu bafuni, kimwagie maji ya mvua taratibu mpaka yatoke kwa wingi chini, subiri kidogo, rudia. Huna ya mvua? Weka ndoo chini ya kile kibomba cha AC kinachodondosha maji nje. Yale hayana chumvi. Miye maua yangu ya ndani yanakunywa hayo kiangazi chote, na jirani zangu wamezoea kuniona nazunguka na ndoo. Ila upepo wa AC wenyewe usiupige mmea, unakausha majani.

Kumwagilia: zamisha kidole. Juu pakiwa pakavu hadi fundo la pili la kidole, mwagia. Pakiwa na unyevu, ondoka.

Fundi_Bustani
Shikamoo bibi. Lile jani jeupe si alikate leo leo? Halina faida. Na nasikia ukiongeza mwanga, weupe unazidi.

Bibi_Maua_Tanga
Marahaba. Mwanga hauumbi weupe. Weupe upo kwenye chembe za shina lenyewe, ndiyo maana hata ukiotesha mbegu zake hupati albo. Inapandwa kwa kukata pingili. Ile nyingine ya madoa ya malai, Thai Constellation, huzalishwa maabara kwa tishu kama migomba ya tishu, nayo weupe wake umetulia zaidi. Mwanga mwingi mmea unauhitaji kwa sababu nyingine: nusu ya jani haijipikii chakula, inalishwa na nusu ya kijani. Jua la moja kwa moja lakini litauunguza. Pazia la neti linatosha.

Jani moja jeupe aliache. Likifuata la pili na la tatu, hapo akate, na asitazame jani, atazame shina. Mistari myeupe na ya kijani inashuka nalo. Kila pingili ina jicho limevimba kidogo, kama chunusi. Atafute jicho lililokaa mpakani, mstari mweupe ukigusana na kijani, akate juu yake kwa kisu kilichofutwa na spiriti. Jicho la kwenye weupe mtupu litatoa majani meupe, la kwenye kijani kitupu litatoa monstera ya kawaida.

Mkazi_wa_Mbezi
Ahsante sana bibi. Ukoko upo, tena mnene. Shina upande wa dirisha ni jeupe lote, jicho la mpakani nimeliona pingili ya tatu kutoka juu. Nikibadilisha udongo nitumie nini?

Bibi_Maua_Tanga
Makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, chenga za mkaa, mboji kidogo. Makumbi yaloweke na umwage maji yake mara kadhaa, nayo hubeba chumvi. Udongo wa mfinyanzi usiuguse, mizizi itaoza.

Mama_Paka
Nyongeza: utomvu wake unawasha. Ukikata vaa glovu, na vipande visiachwe sakafuni. Paka wangu alitafuna, akatokwa mate mchana kutwa.

Bibi_Maua_Tanga
Kweli kabisa. Na kile kipande cha juu usitupe kama kina pingili yenye kijani, kitie kwenye glasi ya maji hayo hayo ya AC.