Naomba ushauri: mama amepata maambukizi kwenye jicho lililopandikizwa konea

Habari za jioni wapendwa, na wakubwa shikamooni. Niko Moshi. Mama yangu, miaka 58, alipandikizwa konea (ile sehemu angavu ya mbele ya jicho) jicho la kulia miezi minne iliyopita. Alishaanza kuona vizuri, hata mchele alikuwa anachambua mwenyewe, tukamshukuru Mungu.

Jumamosi aliamka kope zimegandana kwa usaha, jicho jekundu, hataki mwanga wa dirishani. Nilipomulika niliona kidoa cheupe pembeni ya uzi mmoja wa zile zilizoshonea konea, kama chembe ya chumvi. Siku hiyohiyo nikamrudisha hospitali. Walikwangua kidogo wakapeleka maabara kuotesha vijidudu wavijue, wakatoa ule uzi uliokuwa umelegea, wakasema ni bakteria. Tangu hapo ni matone ya antibayotiki kila saa, usiku na mchana. Mimi na dada tunapokezana kwa alamu ya simu. Leo siku ya tatu, maumivu yamepungua lakini kidoa kipo palepale.

Kinachonichanganya ni yale matone ya steroidi ya kuzuia mwili usiikatae konea. Daktari wa zamu alituambia tuyasimamishe kwanza, kwa kuwa yanashusha kinga ya jicho. Nesi akasema tukiacha, konea itakataliwa. Nimemfuata daktari, ila moyo hautulii, na aliyempasua tutamwona Alhamisi.

Waliouguza jicho la namna hii: steroidi mlirudishiwa baada ya muda gani? Na ni dalili ipi ikitokea nisingoje Alhamisi, nimkimbize mama usiku huohuo?