Naombeni ushauri: chupi ya kuogelea ya mashindano inanishuka majini

Wakuu habari zenu. Nimeanza mazoezi ya mashindano, kocha kanikataza kaptula anasema inabeba maji, basi nikanunua ile chupi ya kuogelea kwa saizi ya suruali yangu. Nikiwa mkavu inakaa fresh kabisa, ila jana nimejirusha tu nikasikia imeshuka nyuma, ikabidi nisimame katikati ya bwawa niivute. Tatizo ni saizi au kamba? Na ndani mnavaa nini? Halafu kusema kweli naona aibu kutembea nayo mbele za watu.

Mdau 1: Saizi hiyo mkuu. Kitambaa kikilowa kinalegea, sasa kama ukiwa mkavu unajisikia huru, majini itakuwa kubwa tu. Shusha namba moja halafu chuchumaa, inuka, nyoosha mikono juu, ikibaki palepale bila kukunjamana nyuma ndiyo yenyewe. Ikikuacha na alama nyekundu mapajani imezidi kubana. Kamba funga lakini kazi ya kushika ni ya kitambaa. Ndani usivae kitu, boksa inanyonya maji unakuwa umerudi kulekule kwenye kaptula.

Mdau 2: Naongezea, soma lebo. Yenye laikra nyingi (zile nyuzi za kuvutika) ni laini na inavutika vizuri ila klorini, ile dawa ya maji ya bwawa, inaila, yangu ilianza kuisha makalioni, nikiinua kwenye mwanga naona mpaka upande wa pili. Ya mazoezi chukua poliesta tupu, inadumu. Ukitoka suuza kwa maji baridi ya bomba, usiisokote, anika kivulini.

Mdau 3: Aibu inaisha mkuu, nenda na taulo kiunoni mpaka pale pa kurukia. Mark Spitz, muogeleaji wa Marekani, alichukua dhahabu 7 Olimpiki ya Munich 1972 na kichupi hichohicho. Na sheria ya mashindano haikubani, tangu 2010 ya mwanaume isipite kitovu juu wala goti chini, na iwe ya kitambaa, maana mwaka 2009 kwenye mashindano ya dunia kule Roma zile suti za plastiki zilivunjisha rekodi 43 za dunia.

Mleta uzi: Asanteni sana wakuu, leo nimejaribu namba ya chini nimechuchumaa mara tano imetulia. Ila nikipiga miguu ile ya chura mshono unanichubua kwenye nyonga.

Mdau 1: Paka vaselini kidogo hapo kabla hujaingia. Mikononi ifute yote, usije ukagusa nayo miwani.