Nimeenda kuulizia ruzuku ya Ulaya, nimeambiwa NIKAUZE VITUMBUA!

Bi_Altona (mleta uzi)

Wakuu, povu ruksa. Nimetoka pale sasa hivi, niko kwenye treni narudi Altona, hapa hapa Hamburg, bakuli tupu mapajani, mikono inanitetemeka. Bakuli TUPU. Shikeni hapo kwenye bakuli.

Mnamjua nyote. Yule "mshauri wa miradi" wa skafu mpaka Julai, ambaye hata kwenye harusi ya watu atakwambia wakubwa wa Umoja wa Ulaya kule Brussels wanamwita kwa jina. Simtaji. Akikohoa tu mtamjua.

Chama chetu ni kidogo ila kimesajiliwa mahakamani kama Wajerumani wanavyotaka, watu saba wa kuanzia. Huyo wa saba tulimsaka miezi, mwisho tukamwandikisha shemeji, na masharti yake kama bwana harusi. Mradi ni kufundisha Kiswahili watoto wetu pamoja na wazazi wao, sisi Hamburg, wenzetu Antwerp. Kusoma nimesoma mwenyewe, sikwenda kichwa kitupu. Erasmus+, ule mpango wa elimu wa Umoja wa Ulaya, wana ushirikiano mdogo, mashirika mawili kutoka nchi mbili yanatosha, pesa ni ya mkupuo, euro 30,000 au 60,000. Nilikuwa na swali MOJA: tuombe upande wa shule au wa elimu ya watu wazima? Basi. Kwa hilo nikamlipa huyo wa skafu euro 250 mkononi. Risiti "nitakutumia dada".

Na vitumbua thelathini, maana sikulelewa kwenda kwa mtu mikono mitupu.

Akafungua kompyuta, akanionyesha Horizon Europe. "Zaidi ya euro bilioni 90, mpaka 2027!" Utadhani ziko kabatini kwake. Nikamwambia kaka, hizo ni za utafiti, na wanataka taasisi tatu kutoka nchi tatu. Akala kitumbua. Akaniuliza teknolojia yetu imekomaa kiwango cha ngapi, moja mpaka tisa. Teknolojia gani? Tunafundisha a-e-i-o-u! Akala kingine. "Ubunifu wenu uko wapi?" Akala viwili kwa mpigo.

Halafu akalamba kidole cha shahada, taratibu, akafunga kompyuta, akasema mdomo umejaa: "Dada'angu, mradi wako ni huu hapa. Achana na ruzuku, kauze vitumbua."

KAUZE VITUMBUA. Huku anatafuna CHANGU. Na alipomaliza kusema hivyo akachukua cha kuondokea!

Mzee_wa_Andiko

Pole, ila umepigwa. Kila nchi ina wakala wake wa Erasmus+, unapiga simu unaelekezwa bure. BURE. Wewe umelipa 250 na chai umempelekea.

Bi_Altona

Najua ni bure! Simu niliyopiga ilipokewa na mtu anayeongea Kijerumani cha kubanwa mlango. Halafu haikuwa chai, vilikuwa vitumbua. Alilamba kidole mbele yangu.

Dogo_Leuven

Afadhali wewe umeambiwa usoni. Sisi tuliandika andiko la Horizon miezi minne, washirika nchi sita, usiku hatulali. Tukapata alama 12.5 kati ya 15. Kizingiti ni 10. Yaani TUMEFAULU. Barua ikaja: hongereni, pesa zimeishia kwa waliowazidi. Nani amewahi kufaulu mtihani akanyimwa shule?

NgoziNgumu

Dogo, sisi darasa la saba tulifaulu tukanyimwa shule wengi tu, kaa kwa kutulia 😂

Kaka_Bremen

Ngojeni niwape ya kwangu. Ruzuku ya hapahapa Ujerumani, tuliahidiwa kwa mdomo mambo safi. Mwenyekiti wetu kwa furaha akaagiza meza na viti. Barua ya idhini ilikuwa haijatoka. Wakakagua risiti, wakaona tarehe, wakasema mradi umeanza kabla ya idhini, kwaheri. Zile meza ziko sebuleni kwangu. Mke wangu hanisemeshi.

Dogo_Leuven

Meza ngapi? Nahamia nyumba mwezi ujao.

Rotterdam_Kwetu

Mimi mwenye skafu alinila 600. Aliniandikia andiko, nikalipeleka saa kumi na moja na dakika mbili, saa za Brussels. Mlango umefungwa saa kumi na moja kamili. Nikampigia, akasema "ungewahi". Alinitumia faili saa kumi na moja kasoro tano!

Bi_Altona

Angalau hakula chakula chako akikutukana.

Mama_Muscat

Samahani wadau, napita tu. Hivyo vitumbua ni vya mchele wa kuloweka au unga wa dukani?

Bi_Altona

Dada, uzi ni wa ruzuku.

Mama_Muscat

Naelewa. Ila mtu mzima kula thelathini peke yake, si bure.

NgoziNgumu

Tumtendee haki na mshauri. Kwa 250 ametoa tathmini ya soko, ameonja bidhaa, kashauri njia ya mapato. Brussels wangekutumia fomu ya kurasa arobaini.

Mzee_wa_Andiko

Unga wa dukani sio kitumbua, ni keki iliyokosa malezi.

Kaka_Bremen

Pemba wanaloweka usiku kucha, wanasaga na tui. Hayo mengine ni mzaha.

Rotterdam_Kwetu

Pemba wapi, vitumbua ni Tanga. Pemba mnazidisha iliki mpaka mtu anakohoa.

Bi_Altona

Jamani. Shule au watu wazima? Hakuna anayejua?

Dogo_Leuven

Inategemea mradi unamgusa nani zaidi. Hamira unaweka ngapi?

Bi_Altona

Kijiko kimoja cha chai kwa vikombe viwili vya mchele. Na Tanga hatuzidishi iliki, huyo wa Rotterdam kwa mara ya kwanza amesema kweli.