Intraneti ya kampuni: mshauri wa mipango na usanifu tumlipe kwa kazi gani?

Afisa TEHAMA, Dar
Wakuu, habari za kazi. Kampuni yetu ni ya usafirishaji, matawi yapo Mwanza na Mbeya. Tunataka intraneti, yaani tovuti ya ndani ya wafanyakazi. SharePoint, programu ya Microsoft ya kujengea tovuti kama hiyo, imo tayari kwenye leseni ya Microsoft 365 tunayolipia, na vijana wa kuijenga tunao. Bosi anauliza mshauri mwelekezi wa nini tena. Nimjibuje?

Msanifu
Mkuu, hiyo ndiyo kazi yangu, na kwa hali yenu ningemchukua kwa hatua ya kupanga tu.

Vijana wenu watajenga vizuri, lakini nakuhakikishia menyu wataipanga kwa idara: Utumishi, Fedha, Operesheni. Sasa dereva aliyeko Mbeya anatafuta fomu ya masurufu. Atajuaje iko Fedha au Operesheni? Atapiga simu kama zamani. Mshauri mzuri anaandika kila kitu kwenye kadi (likizo, hati ya mshahara, masurufu, taarifa ya ajali), anawapa wafanyakazi wenyewe wazipange makundi wanavyoona wao. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, anapendekeza watu 15 hivi kwa zoezi la kadi. Kwa kujaribu mchoro wa kurasa, tangu 2000 anasema watano wanatosha kufichua kasoro nyingi. Fanyeni yote mawili kabla hamjajenga ukurasa hata mmoja, na madereva wajaribu kwa simu zao, maana mezani hawakai.

Mtu wa Manunuzi
Naongezea: anayepanga asiwe ndiye anayewauzia leseni au kuwajengea. Hadidu za rejea zitaje mnachopokea: ripoti ya mahojiano, muundo wa menyu, michoro iliyojaribiwa.

Afisa TEHAMA, Dar
Shukrani. Na maudhui ataandika yeye?

Msanifu
Hapana, hapo msimwachie. Kila ukurasa uwe na mwenyewe ndani ya kampuni, kwa cheo chake, na tarehe ya kuupitia upya. Anachowasaidia mshauri ni kuamua mapema nani aone nini. Utafutaji wa SharePoint humwonyesha mtu kila alichoruhusiwa kufungua, hivyo folda ya mishahara iliyoachwa wazi itaibuka mtu akiandika jina la mwenzake. Tena tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mwoneshe bosi hilo kwanza, kabla ya habari za menyu.