Spidi ipi ya kuchomea DVD za harusi zisikwame mwishoni kwenye deki?

FundiPicha:
Wakuu, habari za kazi. Nachoma video za harusi, faili la GB 4.3 kama Windows inavyolisoma, kwenye DVD-R zilizoandikwa 16x. Raita ni ya ndani, ya SATA, na programu ni ImgBurn. Spidi ikijichagua yenyewe inakwenda 16x na kumaliza bila kosa. Kwenye kompyuta inacheza safi, ila kwenye deki za wateja picha inaganda dakika za mwisho na sauti inakatika. Nimeshauriwa nishuke hadi 1x, lakini raita hainipi chini ya 4x. Nichague ipi, na kwa nini tatizo liwe mwishoni tu? Juu ya diski nabandika stika ya majina ya maharusi kabla ya kuchoma.

LezaNyekundu:
Mkuu, weka 8x.

DVD huandikwa kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa hiyo mwisho wa video ndio ukingo wenyewe. Ukiagiza 16x, raita huanza karibu na 6x au 7x ndani, halafu spidi hupanda kadiri leza inavyosogea nje. 16x kamili inafikiwa ukingoni tu, diski ikizunguka takriban mara 9,000 kwa dakika. Huko ndiko diski inakoyumba zaidi na ndiko rangi ya kuandikia mara nyingi haijalala sawasawa. Ukichoma kwa 8x, ukingoni mzunguko ni kama nusu ya huo, na leza inapata nafasi ya kufuata mstari.

Muda unaopoteza ni mdogo. Diski iliyojaa kwa 16x ni dakika 5 hadi 6, kwa 8x ni 8 hadi 9, kwa 4x ni kama 15.

Taratibu_Ndio_Mwendo:
Mimi nasema 4x. Leza ikienda polepole alama zinakolea, hilo linajulikana.

LezaNyekundu:
Ndugu, hilo lilikuwa kweli kwa diski za zamani zilizotengenezwa kwa spidi ndogo. Kila diski ina kodi ya mtengenezaji, yaani alama ya siri ya kuitambulisha aina yake. Raita huisoma, kisha hutafuta kwenye femuwea yake (programu iliyo ndani ya raita) nguvu ya leza na urefu wa mapigo kwa kila spidi ya diski hiyo. Baada ya hapo hujaribia nguvu hiyo kwenye sehemu ndogo karibu na katikati. Diski ya 16x imepakwa rangi inayotaka mapigo makali na mafupi. Ukiipeleka polepole mno, joto linasambaa pembeni na kingo za alama hazikai mahali pake. Deki yenye lenzi iliyochoka hapo inapotea. Raita inapokunyima 1x si ubovu, haina mpangilio wa spidi hiyo kwa diski hiyo.

4x si dhambi, lakini ipime kwanza dhidi ya 8x kwa raita yako na boksi lako la diski. Kama kodi ya diski haimo kwenye femuwea, raita inakisia tu, na hapo spidi yoyote inaweza kuharibu. Tafuta femuwea mpya ya raita, au badilisha aina ya diski.

Mpimaji:
Naongeza mawili ambayo yatakusaidia kuliko spidi peke yake.

Kwanza, ujazo. GB 4.7 ya kwenye kava ni baiti 4,700,000,000, ambazo Windows inazionyesha kama GB 4.38. Faili lako la 4.3 linagusa ukingo karibu wote. Punguza bitireti (kiasi cha data kwa kila sekunde ya video) kidogo hadi liwe kama GB 4.0, na sehemu mbaya kuliko zote inabaki tupu.

Pili, stika. Iondoe kabisa. Karatasi ikikaa upande hata milimita chache, uzito unaegemea na diski inapiga mtetemo, na ikipata joto inajikunja. Kuibandika kabla ya kuchoma ndiko kubaya zaidi. Nunua diski zenye uso mweupe wa kuchapishwa kwa printa ya wino, au andika kwa kalamu laini isiyo na spiriti.

Verify ya ImgBurn (ukaguzi wa diski baada ya kuchoma) iwashe, lakini usiitegemee peke yake, maana raita ile ile ina uwezo mkubwa wa kusahihisha makosa. Chukua diski moja ya 4x, moja ya 8x, moja ya 12x, zote data ile ile, kisha zipime kwa Opti Drive Control kama raita yako inakubali. PIE (makosa madogo ya usomaji) isizidi 280, PIF (yale yaliyoshinda usahihishaji wa hatua ya kwanza) isizidi 4. Angalia umbo la grafu zaidi: ikipanda ghafla baada ya GB 3.5, spidi hiyo iache.

FundiPicha:
Nimewaelewa wakuu. Na CD za muziki kwa redio za gari?

Mpimaji:
CD-R ya 52x ichome 16x au 24x, kwa DAO (diski nzima kwa mkupuo mmoja), diski ifungwe kabisa (finalize). 1x ya CD ni KB 150 kwa sekunde na ya DVD ni KB 1,385, kwa hiyo usilinganishe namba zake. CD-RW epuka: inaakisi mwanga kidogo sana, redio nyingi za zamani haziioni.

Pengwini:
Wa Linux: `dvd+rw-mediainfo /dev/sr0` inaonyesha kodi na spidi zinazokubalika. Kisha `growisofs -dvd-compat -speed=8 -Z /dev/sr0=harusi.iso`. Raita ya nje ya USB ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye habu, na kama waya una vichwa viwili tumia vyote. Umeme ukipungua, leza inadhoofika katikati ya kazi.